Umeongeza RAM au SSD na kompyuta imegoma kuwaka? Usikubali upesi kwamba bodi imekufa

Mpwa wangu alinunua RAM mbili za mtumba mjini Mombasa, akafika nyumbani Kisauni jioni, akafungua kompyuta yake ya mezani, akang'oa RAM ya zamani na kupachika hizo alizonunua. Alipobonyeza kitufe, taa iliwaka na feni zikazunguka kwa kishindo, lakini skrini ikabaki nyeusi. Asubuhi akalibeba sanduku hadi kwa fundi. Fundi akaliwasha, akalitazama dakika mbili, akasema bodi imekufa na nyingine ni shilingi 7,000. Kijana hakuwa na pesa hizo, na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na mradi wake wa chuo wa miezi minne ambao hakuwa ameunakili popote.

Bodi haikuwa imekufa. Tulirudisha RAM ya zamani mahali pake, tukaiwasha, ikaja kama ilivyokuwa juzi. Zile alizonunua hazikuwa mbovu pia. Zilikuwa RAM za seva, aina ambayo kompyuta ya nyumbani haiisomi hata ikiwa yaingia sawasawa kwenye tundu lake. Hapo chini nitaeleza jinsi ya kuitambua kwa herufi moja iliyo kwenye lebo.

Visa hivi vimezidi kwa sababu inayoeleweka. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wetu tunatumia Dell OptiPlex na HP za ofisi zilizokwisha tumika Ulaya kabla ya kuletwa huku. Tunajaribu kuzisukuma miaka mingine michache: tunaongeza RAM, tunatoa diski ya kuzunguka na kutia SSD, tunapachika kadi ya picha kwa ajili ya watoto na michezo yao. Nitaje kwa kupita tu kwamba RAM na SSD hazitaifanya kompyuta ya Intel ya kizazi cha 4 ikubalike rasmi kwa Windows 11, ambayo kwa kawaida hutaka kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na TPM 2.0. Zitaifanya iwe nyepesi zaidi, na kwa mtu wa kuandika barua na hesabu za duka hilo latosha.

Rudisha ilivyokuwa jana

Kompyuta iliyofanya kazi jana na leo imegoma baada ya kuguswa ina mshukiwa mmoja mkuu, nacho ni kile kilichoguswa. Kwa hivyo hatua ya kwanza ndiyo watu wasiyoipenda: toa ulichonunua, rudisha cha zamani, kisha uwashe. Ikiwaka, umeshajua mengi bila kulipa hata ndururu. Bodi ni nzima, prosesa ni nzima, na tatizo ni kifaa kipya au namna kilivyoingizwa. Ikikataa hata baada ya kurudisha, basi yawezekana kuna waya uliolegea mkono ulipopita, au kuna kitu kilichogusana, na hapo uanze kutafuta.

Ndiyo maana nawasihi watu wasibadilishe vitu vitatu kwa siku moja. Ukitia RAM, SSD na kadi ya picha kwa pamoja kisha mashine ikanyamaza, utamshuku nani? Tia kimoja, washa, tumia siku moja, halafu tia cha pili.

Kabla hujatia mkono ndani, zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku kwanza ndipo uguse bodi. Usifanye kazi hii juu ya zulia. Na ile pawasaplai, kile kisanduku cha chuma ambacho waya wa ukutani huingia, usikifungue kamwe, hata kama umekichomoa tangu jana. Kapasita zilizo ndani hushika umeme wa kutosha kumuumiza mtu vibaya.

"Haiwaki" ni magonjwa matatu

Mtu akinipigia simu kusema kompyuta haiwaki, namuuliza kwanza: yafanya nini unapobonyeza? Kuna ile isiyofanya lolote, si taa, si feni. Kuna ile inayozungusha feni lakini haitoi picha. Na kuna ile inayotoa nembo ya Dell au HP vizuri, halafu ikakwama au ikaandika kwamba haioni diski. Haya ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Jambo jingine: wengi wetu huliita sanduku zima "CPU". CPU ni prosesa, kile kijidude kimoja kilicho chini ya feni. Ukiagiza kwa simu kutoka Nairobi kwa kusema "CPU imeharibika", unaweza kuletewa kitu usichokihitaji.

Ile isiyofanya lolote

Anza na vitu vya aibu. Je, swichi ya ukutani imewashwa? Je, pawasaplai ina swichi yake ndogo nyuma ambayo uliizima ulipokuwa ukifungua? Jaribu waya mwingine wa umeme, maana plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani na fyuzi huungua. Kisha fungua uangalie nyaya mbili zinazotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye bodi: ule mkubwa, na ule mdogo wa pini 4 au 8 ulio karibu na prosesa. Huu mdogo ndio unaosahaulika zaidi. Ukikosekana, bodi nyingi huzungusha feni tu na kunyamaza. Nyingine huzunguka sekunde moja na kuzima. Angalia pia vile vijiwaya vyembamba vinavyotoka kwenye kitufe cha kuwashia, kwani ni rahisi kuving'oa kwa kiwiko unapopachika RAM.

Ikiwa ulichobadilisha ni pawasaplai yenyewe, kuna mambo mawili. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 240, basi swichi lazima iwe 230. Ukiiacha kwenye 115 na kuwasha, utasikia mlio kama wa fataki, na hiyo haina tena la kutengeneza. Jambo la pili ni kwamba OptiPlex na EliteDesk nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe. Usimruhusu mtu akukatie nyaya na kuunganisha kwa gundi ya umeme. Adapta zipo, na pawasaplai za mtumba za aina yenyewe zapatikana.

Feni zazunguka, skrini nyeusi

Hapa ndipo bodi nyingi nzima huzikwa zikiwa hai. Kwa uzoefu wangu, baada ya mtu kufungua sanduku, sababu ya kwanza ni RAM, ya pili ni RAM, na ya tatu ni waya wa skrini.

Nianze na huo waya kwa sababu ni wa haraka. Ukitia kadi ya picha, waya wa skrini lazima uhamie kwenye kadi. Ukiuacha kwenye tundu la zamani la bodi, kompyuta yaweza kuwa imewaka kabisa, imefika kwenye Windows na inakungoja, nawe unatazama giza. Angalia pia skrini yenyewe imewekwa kusoma tundu lipi, HDMI au VGA.

Sasa RAM. Ya kwanza kuangalia ni kama imeingia hadi mwisho. Vishikizo vya pembeni hufunga vyenyewe kwa mlio wa "tak" ukisukuma sawasawa, upande huu na upande ule. Watu wengi huogopa kusukuma, na RAM hubaki imeinuka kidogo upande mmoja. Usitumie nguvu ikiwa ule mkato wa chini haulingani na kijino cha tundu, kwa sababu mkato huo ndio unaotenganisha vizazi. DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina pini 288, na moja haiingii kwenye nyumba ya nyingine. Nimeona mtu aliyeikalia RAM hadi ikaingia. Hapo fundi hakukosea. Bodi ilikufa kweli.

Ya pili ni ile ya mpwa wangu. Tazama lebo ya RAM utafute maandishi kama PC3-12800U au PC3L-12800R. Herufi ya mwisho ndiyo muhimu. U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani. R ni ya seva, na kompyuta yako ya nyumbani haitawaka nayo, basi. Zote mbili zina umbo moja na mkato mahali pamoja, na ile ya R huwa rahisi zaidi kwa bei kwa sababu seva zilizostaafishwa ni nyingi duniani. Bei ikikushangaza, soma herufi. Kuna na RAM nyingine za DDR3 zinazouzwa kwa bei ya chini zikiwa zimeandikwa kwamba ni za AMD. Zikiwekwa kwenye bodi ya Intel, matokeo ni hayo hayo, feni na giza.

Ya tatu ni hewa yetu. Sisi tunakaa na chumvi. Kompyuta iliyokaa miaka mitatu karibu na dirisha Likoni au Lamu, ukiichomoa RAM utaona ile milia ya dhahabu ya chini imefifia au ina madoa. Ilikuwa ikifanya kazi kwa sababu haikuguswa. Ulipoichomoa na kuirudisha, mahali pa kugusana pakahama kidogo na mawasiliano yakakatika. Sugua milia hiyo taratibu kwa raba nyeupe ya mwanafunzi, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu, na kwenye tundu lenyewe piga brashi laini. Ukipata spiriti ya isopropili ya kusafishia elektroniki ni bora zaidi, ila uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitumie msasa, na usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina maji. Mara ngapi nimeona "bodi iliyokufa" ikifufuka kwa raba ya shilingi 20, sikumbuki hesabu.

Ukimaliza kusafisha, jaribu RAM moja tu kwenye tundu moja. Ikikataa, ihamishe tundu la pili. Kisha jaribu nyingine. Ni kazi ya kuchosha lakini ndiyo itakayokwambia ni RAM ipi au tundu lipi lenye kasoro. Ikiwa kompyuta yako ni mpya yenye DDR5, iache imewaka dakika kadhaa bila kuigusa mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, kwa sababu bodi hujifunza kuzungumza na RAM hiyo na skrini hubaki nyeusi wakati huo. Wapo waliozima katikati mara tano wakidhani imegoma.

Sikiliza pia. Kompyuta za ofisi husema. HP Compaq nyingi za zamani hutoa milio na mwanga mwekundu kwenye kitufe: mara 5 ni RAM, mara 6 ni kadi ya picha, mara 4 ni umeme usiotosha. Dell za karibuni humulika rangi ya chungwa kisha nyeupe, na 2 kwa 3 maana yake ni kwamba haioni RAM. Hesabu mwanga huo, andika, kisha tafuta maana yake pamoja na jina kamili la modeli yako. Fundi anayetoa hukumu bila kuhesabu mwanga anakisia.

Kadi ya picha ina mambo yake. Tundu lake kwenye bodi hutoa wati 75 zisizozidi. Kadi yenye plagi ya ziada ya pini 6 au 8 inahitaji waya wake kutoka pawasaplai, na ukiiacha bila waya huo haitatoa picha. Halafu angalia pawasaplai yako ina uwezo gani. OptiPlex 9020 ile nyembamba ina wati 255 kwa kila kitu, nawe wataka kuipachika kadi kubwa ya michezo. Chagua kadi isiyohitaji plagi ya ziada, na uhakikishe urefu wake watosha kwenye sanduku jembamba.

Kwa prosesa nitasema moja tu, kwani wachache huibadilisha nyumbani. Kuingia kwenye soketi si kukubalika. Core i5-8400 itakaa vizuri kwenye bodi ya H110 iliyotengenezwa kwa vizazi vya 6 na 7, na haitawaka kamwe. Kwa upande wa AMD, bodi ya B450 huweza kutaka BIOS mpya kabla ya kuikubali Ryzen 5 5600, na kuipandisha hiyo BIOS kwa kawaida hutaka prosesa ya zamani iwe ndani. Usiuze ya zamani kabla mpya haijawaka.

Kutoa ile betri ya saa

Vyote hivyo vikishindikana, mafundi hutoa betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, CR2032 ya volti 3, ili mipangilio ya BIOS irudi ya kiwandani. Ni dawa nzuri. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe sekunde 10, toa betri dakika 5 hadi 10, irudishe. Lakini kuna neno ambalo wengi hawaambiwi: kabla ya kuitoa, kama bado waweza kuingia BIOS, piga picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio. Kurudisha mipangilio ya kiwandani kunaweza kutibu ugonjwa wa pili na kukuachia wa tatu, ambao ndio unaofuata.

Nembo yaja, Windows haiji

Skrini imewaka, umeona nembo, halafu yaandika "No bootable device" au rangi ya buluu na maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Wengi hufikiri diski imekufa. Mara nyingi diski iko salama na kompyuta imesahau njia ya kuifikia.

Ingia BIOS, kwa F2 kwenye Dell na F10 kwenye HP nyingi. Diski yako yaonekana kwenye orodha? Kama haionekani, waya wa data au wa umeme wa diski umelegea, au tundu la SATA limezimwa. Kwenye bodi nyingine, ukitia SSD ya M.2, tundu moja la SATA huzimika. Kama yaonekana, angalia mambo mawili. La kwanza ni mpango wa kuwasha, UEFI au Legacy. Windows iliyowekwa kwa njia moja haiwaki kwa nyingine. La pili ni hali ya SATA, AHCI au RAID. Baadhi ya Dell za ofisi hurudi kwenye RAID betri ikitolewa, na Windows iliyowekwa kwa AHCI ikikuta RAID hupiga skrini ya buluu. Irudishe ilivyokuwa, na mara nyingi Windows yafunguka bila neno. Ndipo ile picha ya simu itakapokulipa.

Ikiwa umenunua SSD ya NVMe na kompyuta yako ni ya zamani, huenda Windows ikaiona kama diski ya kuhifadhia lakini BIOS isiweze kuwashia kutoka kwake. Hapo SSD ya kawaida ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo ya kununua. Na ikiwa umenakili diski ya zamani kwenda SSD, washa mara ya kwanza ukiwa umechomoa ile ya zamani. Zikiwa zote mbili ndani, mashine huweza kuchanganyikiwa ni ipi ya kufuata.

Yaweza pia kukuuliza ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48. Usishtuke, hakuna aliyekuingilia. Windows imeona vifaa au mipangilio imebadilika na inataka uthibitisho. Kwa wengi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft waliyoingia nayo. Ingia akaunti hiyo kwa simu uutafute. Bila ufunguo huo mafaili hayafunguki kwa fundi yeyote, kwa hivyo utafute kabla hujabadilisha kifaa chochote, na usimamishe BitLocker kwa muda.

Mafaili kwanza, Windows baadaye

Hasara kubwa niliyoiona haikuwa ya bodi. Ilikuwa ya mama mmoja aliyepeleka kompyuta ya duka lake, yenye madeni ya wateja ya miaka miwili, akarudishiwa ikiwaka vizuri sana na ikiwa tupu. Fundi alifuta diski na kuweka Windows upya bila kuuliza, na tatizo lilikuwa ni lile la AHCI na RAID. Fundi akikwambia ataweka Windows upya, mwambie kwanza aitoe diski, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, na akunakilie mafaili yako mbele yako. Kwa diski nzima isiyo na BitLocker kazi hiyo haina ugumu wowote.

Na akisema bodi imekufa, muombe akuonyeshe: RAM moja inayojulikana ni nzima, pawasaplai nyingine, bila kadi, bila diski. Ikibaki nyeusi katika hali hiyo, mkubalie. Fundi mzuri hatachukia; wapo wengi mjini, na hao ndio watakaokuuliza wenyewe, "Ulibadilisha nini?" Mwambie ukweli wote, hata ile sehemu uliyosukuma kwa nguvu.

Unapokwenda kununua RAM, ichukue ya zamani mkononi uilinganishe lebo kwa lebo pale pale kaunta, na kabla hujatoa pesa muulize muuzaji kama atakubadilishia isipowaka, kisha aandike idadi ya siku kwenye risiti.